Skrini Haijui Tangi

Nyuma ya dashibodi ya boti ya faiba iliyofungwa umeme kwa kanuni za Kimarekani huwa kuna waya mmoja wa rangi ya pinki. Unatoka kwenye floti iliyomo ndani ya tangi la mafuta na kuishia kwenye geji ya mshale. Siku mwenye boti anapoiondoa mashine ya zamani na kupachika ya kisasa, yenye skrini ya mizunguko, joto, volti na mambo mengine chungu nzima, waya huo ndio unaobaki ukining'inia bila mwenyewe. Mashine na skrini yake huzungumza kwa namba. Floti haijui namba, inajua ukinzani tu. Fundi wa haraka hutafuta pa kuuchomeka, akaona asilimia zimetokea kwenye kioo, akadai ujira wake. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu kuufikisha waya kwenye skrini ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kuifundisha skrini umbo la tangi lile, na somo hilo halipatikani kwenye menyu ya kifaa. Linapatikana kwa kumimina mafuta na kuandika.

Tuitazame floti yenyewe. Iliyozoeleka ni mkono wa chuma wenye boya mwishoni. Boya likipanda na kushuka, mkono unasogeza kiguso juu ya waya wa ukinzani. Ya pili ni mrija uliosimama wima, wenye boya la sumaku linaloteleza juu yake, na ndani ya mrija kuna swichi ndogo zinazojifunga moja baada ya nyingine kila boya linapopita. Kwa kawaida zote hukaa juu ya tangi kwa bamba la duara lenye matundu matano yasiyopangwa kwa nafasi sawa, ili fundi asiweze kulifunga ila kwa upande wake. Zote mwisho wake hutoa omu. Tabu ni kwamba dunia haikukubaliana omu ngapi ndizo tangi tupu. Kwa mtindo wa Kimarekani, tupu ni omu 240 na limejaa ni karibu 33. Kwa mtindo wa Ulaya, tupu ni 10 na limejaa ni 180. Ukiifunga floti ya Kimarekani kwenye skrini iliyowekwa kwa mtindo wa Ulaya, tangi lililokauka litasomeka limejaa, na tangi lililojaa pomoni litasomeka limebakiwa na asilimia 13 au 14. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuitoa floti waya wake na kuipima kwa multimita kabla ya kununua chochote. Boti iliyokwisha kupitia mikono miwili mitatu inaweza kuwa na mwili wa nchi moja, mashine ya nyingine, na floti iliyotoka kwenye duka lolote lililokuwa wazi siku hiyo. Na ipimwe penye hewa ya kutosha, betri ikiwa imefunguliwa: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukajikusanya kwenye ngama.

Mafundi wengi huichukulia tofauti ya mitindo hiyo miwili kama suala la kuchagua mstari sahihi kwenye menyu. Ina uzito zaidi ya hivyo, kwa sababu mitindo hiyo inapoharibika haidanganyi kwa upande mmoja. Chukua kasoro ya kawaida kabisa baharini: kiungio kimeingia chumvi, kimeota kutu ya kijani, na kimeongeza omu 20 kwenye njia ya waya. Tangi lina robo. Floti ya Kimarekani yenye robo hutoa kama omu 188. Ongeza 20, skrini itasema asilimia 15. Nahodha ataona mafuta ni machache kuliko yalivyo, atarudi mapema, atanung'unika, lakini atarudi. Floti ya Ulaya yenye robo hutoa kama omu 52. Ongeza 20 zile zile, skrini itasema asilimia 37. Huyu ataongeza safari. Waya ukikatika kabisa, wa Kimarekani husomeka tupu na wa Ulaya husomeka umejaa. Waya ukichubuka na kugusa hasi, mambo hugeuka: wa Kimarekani ndio utakaosema tangi limejaa. Kwa mazingira ya maji ya chumvi, ambako kutu ni ya kila siku na mgusano wa nyaya ni wa bahati mbaya, mimi ningechagua floti ya 240 hadi 33 pale ambapo uchaguzi upo. Pale usipokuwapo, kila kiungio kibanwe kwa koleo lake, kivishwe mpira wenye gundi, na waya wa hasi wa floti urudi kwenye nguzo ile ile ya hasi inayotumiwa na kigeuzi (kisanduku kinachobadili omu kuwa ujumbe wa skrini), badala ya kuazima njia kwenye waya wa kifaa kingine.

Kigeuzi ndicho mkalimani. Baadhi ya mifumo ya watengenezaji wa mashine, kama SmartCraft ya Mercury, imeacha mlango wa kuipokea floti moja kwa moja. Lakini njia inayotumika kwenye boti za kila aina ni kisanduku kidogo kinachopokea omu upande mmoja, kikatoa ujumbe wa mtandao wa NMEA 2000 upande wa pili. Mtandao huo ni waya mkuu mmoja wenye vizibo viwili vya omu 120, kimoja kila ncha. Ukizima umeme na kupima kati ya nyaya mbili za data, multimita ikionyesha omu 60, vizibo vyote viwili vipo. Ujumbe wa kimiminika hubeba namba 127505, na ndani yake mna aina ya kimiminika, namba ya tangi, kiwango kwa asilimia na ujazo. Kwenye boti yenye matangi mawili, lazima yapewe namba mbili tofauti, la sivyo skrini itarukaruka kati ya moja na lingine na mwenye boti ataapa kwamba kifaa kina wazimu. Kinachonivutia zaidi ni kipimo kidogo kabisa ambacho ujumbe huo unaweza kubeba: asilimia 0.004. Kwenye tangi la lita 200 hizo ni mililita nane, hazifiki vijiko viwili vya chai. Sasa irudie ile floti ya mrija. Tangi likiwa na kina cha milimita 300 na swichi zimepangwa kila milimita 20, floti ina ngazi 15 tu, na kila ngazi ni zaidi ya lita 13. Mtandao uko tayari kusafirisha vijiko, floti inahesabu kwa ndoo. Skrini inapoandika 47, hiyo saba haikutoka kwenye tangi.

Atatokea wa kuuliza: kwa nini basi tusiiache geji ya mshale mahali pake, tukaunganisha na skrini kwenye floti hiyo hiyo, ili moja imsute mwenzake? Wazo lina busara na umeme unalikataa. Kigeuzi cha kawaida hupima omu kwa kupitisha mkondo mdogo kinaoujua chenyewe kwenye floti, kikasoma volti. Geji ya mshale nayo hupitisha mkondo wake, mkubwa zaidi, kwenye floti hiyo hiyo. Mikondo miwili ikikutana kwenye ukinzani mmoja, volti inayosomwa na kigeuzi si ya mkondo wake, na vyote viwili huishia kusema uongo. Vipo vigeuzi vinavyoweza kuwekwa sambamba na geji ya zamani, vikasikiliza volti bila kusukuma mkondo wowote. Hivyo hufaa, ila fundi akumbuke kwamba betri iliyotulia ina kama volti 12 na kitu na mashine ikichaji hupanda mpaka 14 na ushei. Mshale wa geji nzuri hausumbuki, umeundwa ujilinganishe. Msikilizaji wa volti asiyejua volti ya betri atasumbuka, na kiwango kitabadilika kila mashine inapowaka. Kwa boti ndogo, afadhali kuitoa geji ya mshale.

Tuje kwenye umbo, ambalo ndilo kiini. Matangi mengi yaliyofungwa chini ya sakafu hufuata tumbo la boti: membamba chini, mapana juu. Chukua lile lenye umbo kamili la herufi V. Boya likifika nusu ya kina, eneo lililojaa ni robo tu ya eneo zima. Skrini isiyofundishwa itaandika asilimia 50, mwenye tangi la lita 200 atahesabu lita 100, na zilizomo ni 50. Kibaya zaidi, nusu ya kwanza ya usomaji itakuwa imeshuka polepole kwa sababu juu ni kupana, halafu nusu ya pili iporomoke. Geji ya mshale ilikuwa na ugonjwa huo huo, ila ilikuwa na adabu: ilichora alama chache na kumwachia nahodha azoee kwamba “nusu ya boti hii si nusu”. Namba kavu huondoa tahadhari hiyo. Dawa yake ni kuweka vipimo vya hatua kwa hatua, jambo ambalo vigeuzi vingi huliruhusu. Boti ielee majini, si juu ya trela, ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Sifuri ianzie pale bomba la kunyonya linapoanza kuvuta hewa, kwa kuwa mafuta yaliyo chini ya bomba ni ya tangi, si ya safari. Kisha zimiminwe lita 20, boya litulie, omu ziandikwe, kigeuzi kiambiwe hii ni asilimia 10. Lita 20 nyingine, asilimia 20. Hivyo hivyo mpaka juu. Na dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni huzidi hizo 20, kwa hiyo imiminwe kwa mita ya pampu au kwa chombo kilichopimwa. Ni kazi ya asubuhi nzima, na ndiyo kazi ambayo mteja hatozwi kwa sababu haifanyiki.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa mashine yenyewe. Mashine ya sindano za kielektroniki inajua kila sindano ilifunguka kwa muda gani, kwa hiyo inaweza kukadiria mafuta iliyokunywa kwa usahihi ambao floti haiwezi kuuota. Kwa nini tuhangaike na boya? Mwambie mwenye boti aandike lita 200 akijaza, skrini itoe ilichotumia, ibaki hesabu. Kwa boti ya nahodha mmoja mwenye nidhamu, hesabu hiyo ni nzuri na mimi ningeiamini kuliko boya katikati ya mawimbi. Lakini mashine inahesabu kilichopita ndani yake tu. Mpira uliopasuka na kumwaga kwenye ngama haiuoni. Aliyekuja usiku na mpira wa kunyonya na dumu, haimwoni. Aliyejaza lita 140 akabonyeza kitufe cha “limejaa”, anaaminiwa. Hesabu ya matumizi ni daftari na floti ni ghala: karani mzuri hulinganisha viwili hivyo. Tofauti yao ikianza kupanuka siku hadi siku, kuna tundu, kuna mwizi au kuna kutu, na chochote kati ya hivyo ni habari ambayo skrini yenye chanzo kimoja isingeitoa.

Wapo pia watakaosema fimbo inatosha. Kwa ngalawa au boti yenye mashine ya petroli inayonyonya kwenye tangi la kubeba la lita 24 hivi, wana haki kabisa. Tangi unaliona, unalitikisa, unalifungua kifuniko, na fedha ya kigeuzi ni afadhali inunue plagi za akiba. Fimbo haiwezi kuingia kwenye tangi la chini ya sakafu ambalo mpira wake wa kujazia umepinda mara mbili, wala haitumiki boti ikiwa mbioni. Hata hapo skrini isisomwe kila sekunde. Boti ikiinua pua, mafuta hukimbilia nyuma. Wakati wa kusi boya hucheza, na skrini ikiwekwa itulize usomaji wake, itakuwa inaonyesha wastani wa muda uliopita. Floti iliyofungwa katikati ya urefu wa tangi hukosea kidogo kuliko iliyofungwa ukingoni, na usomaji unaofaa kuaminiwa ni ule wa boti iliyopunguza mwendo na kulala sawa. Kanuni ya manahodha ya theluthi kwenda, theluthi kurudi na theluthi akiba haikufutwa na mtandao wowote.

Kwa hiyo ukikabidhiwa boti yako na skrini inang'aa, usianze kwa kuuliza imefungwa na nani. Omba karatasi ya vipimo: omu upande mmoja, lita upande wa pili, mistari kumi, na tarehe. Ibandike ndani ya kifuniko cha dashibodi, maana floti itakapobadilishwa itahitajika upya. Kama fundi hana karatasi hiyo, tangi lako bado halijapimwa.