Tembo wa Caesar kiganjani mwangu

Jamani, nimeishika! Baada ya miaka ya kuitazama vitabuni tu, mkusanyaji mmoja mzee kanifungulia kijaluba chake, akaniambia nikinge kiganja, na tap! ikatua. Dinari ya Julius Caesar, ile ya tembo, iliyofuliwa mwaka 49 au 48 K.K.

Kwanza, ni ndogo! Gramu nne hazitimii, na upana wake haufikii shilingi moja ya Kenya. Nilikuwa nimetarajia kitu cha kujaza mkono. Nikaisogeza dirishani, na udogo wake nikausahau palepale. Tembo huyo, mzimamzima, anakwenda kulia, na mbele ya miguu yake kuna kitu kinachojipinda. Nyoka? Au baragumu la vita la Wagaul? Wataalamu wanabishana hadi leo. Mimi nimeona nyoka. Chini yake zipo herufi sita tu: CAESAR. Cheo hakuna. Waliokuwepo enzi za kale walisimulia kwamba jina lenyewe lilitokana na neno la Afrika Kaskazini lenye maana ya tembo. Kweli au porojo, hapo ngozi ilinisisimka.

Na tazama ilifuliwa wakati gani! Januari 49 K.K. Caesar kavuka mto Rubicon na jeshi lake, kaiasi Seneti, na askari wanataka mshahara. Basi sarafu hizi zikafuliwa kwa wingi, ndiyo maana hadi leo wakusanyaji wanazipata. Igeuze sasa: kata ya ibada, kinyunyizio, shoka la kafara, kofia ya kuhani. Caesar alikuwa kuhani mkuu wa Roma tangu 63 K.K., na hapa anamkumbusha kila askari kwamba mwasi huyu ndiye mwenye funguo za miungu. Ujanja ulioje!

Kasoro? Ipo. Upande huo wa nyuma umepigwa kombo, shoka limekatika ukingoni. Kipande cha fedha katikati ya mihuri miwili, nyundo ikashuka, basi. Mpigaji huenda alikuwa na haraka. Mimi kasoro hiyo nimeipenda kuliko kama sarafu yenyewe ingekuwa kamili. (Na neno letu dinari, lililotujia kwa Kiarabu, shina lake ni denarius hii hii.)

Nikachomoa shilingi 20 ya Kenya mfukoni, nikaiweka ubavuni. Tembo kwa tembo! Wa Kenya yupo pale kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu kwenye fedha. Wa Caesar alikuwa anamtangulia tu bwana wake: mwaka 44 K.K. Caesar akatia sura yake mwenyewe, Mroma wa kwanza aliye hai kuonekana kwenye sarafu za mji wa Roma. Machi mwaka huohuo wakamchoma majambia. Miaka miwili baadaye Brutus, mmoja wa wauaji, naye akatoa dinari: upande mmoja majambia mawili, upande wa pili, amini usiamini, sura ya Brutus.

Hiyo ya majambia ni adimu na bei yake ni ya matajiri. Tembo namweka juu yake hata hivyo. Ukibahatika kufunguliwa kijaluba kama mimi, ishike ukingoni kwa vidole viwili, isogeze dirishani, wala usithubutu kuing'arisha.