Mkoromo wa Jeoffry

Christopher Smart, mshairi wa Uingereza, aliandika Jubilate Agno kati ya 1759 na 1763, akiwa amefungiwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Likachapishwa 1939! Sehemu inayopendwa ni ya paka wake, Jeoffry. Smart anamtazama kama mtu ambaye siku zake haziishi: anavyojilamba, anavyonoa kucha, anavyoruka. Hapo ni mtamu kweli.

Ila mkoromo wa paka yeye anausikia kuwa shukrani tu. Simkubali. Paka hukoroma akifurahi, sawa, lakini hukoroma hata akiumia, hata akizaa. Sisi nasi kwenye foleni ya mgao tunasema asante, halafu ripoti inaandika eti wameridhika.

Mistari ya Jeoffry akilinda usiku inanigusa zaidi. Pale nasikia hofu ya mfungwa mwenyewe.