Bahari ya Dirishani: Lubaina Himid na Pwani Yetu

Ukipita Mji Mkongwe utaiona bahari ya Zanzibar ikiuzwa kwenye turubai: jahazi, mnazi ulioinama, jua jekundu linazama. Siwalaumu wachoraji, mgeni ndiye mwenye pesa na watoto lazima wale. Ila hivi, pwani yetu ndiyo hiyo tu?

Swali hili hunirudisha kwa Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba akafariki kwa malaria, mama akaondoka naye kwenda Uingereza akiwa na miezi minne. Mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner. Ni rahisi kusema "huyu wa kwetu." Wa kwetu kwa lipi, kwa mahali alipozaliwa au kwa jicho lake?

Mimi nasema kwa jicho. Tazama mchoro wake wa 1991, Between the Two My Heart is Balanced. Mfaransa James Tissot, katika karne ya 19, alimchora mwanajeshi ndani ya mashua, kaketi katikati ya wanawake wawili. Himid kamshusha mwanajeshi. Wamebaki wanawake wawili weusi, na kati yao ramani wanazozichana. Bahari inakuwa mahali pa kuamua safari, siyo pa kupiga picha.

Halafu kuna michoro ya Le Rodeur. Hiyo ilikuwa meli ya Kifaransa ya watumwa. Mwaka 1819 ugonjwa wa macho uliwapofua karibu wote waliokuwamo, na watumwa zaidi ya 30 wakatupwa baharini. Himid hachori damu. Anachora watu waliovaa wakapendeza, wamesimama vyumbani kama wanaosubiri jibu, bahari iko nje ya dirisha. Rangi zinang'aa kweli kweli, na hapo ndipo panapouma: mwanga umejaa kote, nawe unajua kisa ni cha watu wasioona.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Leo mgeni anatembelea eneo lile asubuhi, jioni anakwenda kuangalia jua likizama, na vitu hivyo viwili havikutani kichwani mwake. Kwa Himid vinakutana kwenye turubai moja.

Ninapotofautiana naye ni kwenye kanga. Mwaka 2018, katika maonyesho ya Our Kisses are Petals huko Gateshead, alitundika vitambaa vya mtindo wa kanga vyenye maneno ya waandishi weusi. Vinavutia, sikatai. Lakini jina la kanga hufanya kazi likiwa na mlengwa: jirani, mke mwenza, wifi. Anayelengwa anajua, na mvaaji anaweza kukana. Ukilitundika ukutani mbele ya watu wasiogombana na mtu, fumbo linageuka kauli nzuri tu.

Hata hivyo, kwenye bahari hajanidanganya. Laiti mchoraji mmoja kijana wa Forodhani angeiona michoro ya Le Rodeur kabla ya kuchora jua lake linalofuata. Jua alichore, soko lipo. Ila achore na dirisha, na mtu aliyesimama nyuma yake.