Paa Lililokuwa Dohani: Thamani ya Kiwanda cha Kofia cha Luckenwalde

Katika mji wa Luckenwalde, kusini ya Berlin, ambao wakazi wake wengi zamani walipata riziki kwa kazi ya kofia, limo jengo la kutilia rangi lililosimamishwa baina ya mwaka 1921 na 1923 kwa ramani ya msanifu Erich Mendelsohn, nalo, likipimwa kwa viwanda vikubwa vya Ujerumani ya zama zile, ni dogo. Aghalabu husifiwa kwa paa lake, ambalo hupanda juu na kupungua upana mfano wa kofia. Sifa hiyo siipingi, walakini naamini kwamba thamani ya turathi hii imo zaidi katika sababu iliyolizaa umbo hilo.

Kofia za manyoya yaliyoshindiliwa, zinapotiwa katika mapipa ya rangi ya moto, hutoa mvuke mzito wenye kudhuru vifua vya wafanyao kazi. Chini ya dari la kawaida mvuke huo hukosa pa kutokea, hutanda chumbani, na ukigusa ubaridi wa dari hugeuka maji yakadondokea kazi iliyo chini. Mendelsohn aliiondoa taabu hiyo kwa kulifanya paa zima liwe dohani: kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hupanda yenyewe, na kadiri njia yake inavyozidi urefu ndivyo mvuto wake unavyozidi nguvu, kwa hiyo alizinyanyua pande za paa zikakaribiana huko juu, mvuke ukapata pa kutokea, na hewa safi ikaingia kutoka chini kushika nafasi yake.

Katika miaka ya 1930, baada ya Wanazi kushika utawala, wenye kiwanda, waliokuwa Mayahudi, walinyang'anywa mali yao; Mendelsohn, Myahudi pia, alikuwa amekwisha kuihama nchi mwaka 1933; kiwanda kikageuzwa cha silaha, na lile paa refu likabomolewa. Baada ya vita jeshi la Kisovieti lilitengenezea vifaru humo, kisha zikafanywa beringi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi ikakoma.

Paa lilipojengwa upya miaka kadhaa baadaye, ilikuwa haki kuuliza kama kitu kipya chaweza kuitwa turathi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unaagiza kwamba ukarabati ukome pale dhana inapoanza. Na hapa haikuhitajika dhana, maana ramani na picha za asili zilikuwapo. Zaidi ya hayo, kuta peke yake, hata zingalikuwa nzima kabisa, zisingaliweza kumfahamisha mtazamaji jinsi jengo lilivyovuta pumzi, ilhali hilo ndilo lililolitofautisha na mabanda mengine. Lakini dhuluma ya kubomolewa kwake nayo ni sehemu ya tarehe ya mahali pale, na upya wa paa usiwe sitara ya kuifichia.

Basi anayepewa kazi ya kukadiria thamani ya kiwanda kidogo cha zama zile, kabla ya kuhesabu mapambo yake au kutafuta jina la msanifu, na aulize kila dirisha, kila mteremko wa paa na kila mfereji wa sakafuni ulifanya kazi gani na ulimhifadhi nani. Sehemu yenye jibu la wazi ndiyo ya kulindwa kwanza.