Karatasi ya Tembo Mjini Iringa

Neema Crafts ni karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, iliyoanza mjini Iringa mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi. Baadaye ilipokea watu wenye ulemavu mwingine, na fani zikaongezeka: ufumaji, ushonaji, shanga. Iliyoivumisha zaidi ni karatasi ya mavi ya tembo. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, hivyo kinyesi chake kimejaa nyuzinyuzi. Huoshwa, huchemshwa mpaka harufu iishe, hupondwa, kisha rojo lake huchotwa kwa fremu yenye wavu, hukamuliwa na kuanikwa. Karatasi hutoka nzito, ya kukwaruza kidogo, na vipande vya majani huonekana ndani yake. Hutengenezwa kadi na madaftari. Mteja hucheka, hunusa (karibu wote hunusa), halafu hulipa. Mzaha huo huuza, ingawa kazi yenyewe ni safi na ingeuzika hata bila mzaha. Kwenye mgahawa wa hapo wahudumu ni viziwi, na mgeni huagiza kwa maandishi au ishara. Msafiri atokaye Mbeya, akifika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, asione taabu kupanda kilima hadi mjini: pongezi zinazoifaa karakana hii ni kununua.