Stenti katika Trakea ya Mbwa

Trakea ya mbwa, yaani bomba la hewa, hubaki wazi kwa nguvu ya pete za gegedu zenye umbo la herufi C, ambazo pengo lake la upande wa mgongoni huzibwa na utando wa misuli. Kwa mbwa wa mbegu ndogo, hasa Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua, gegedu hiyo huweza kupoteza ugumu. Pete hulala bapa na utando huangukia ndani. Mnyama hukohoa kwa mlio kama wa bata bukini, na hali ikizidi hukosa hewa hadi ufizi kuwa wa buluu. Sehemu ya shingoni hujifunga anapovuta pumzi, ya kifuani anapoitoa.

Wengi hutulizwa kwa kupunguzwa uzito, kufungwa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na kupewa dawa za kikohozi. Stenti hufikiriwa pale hayo yanaposhindwa. Ni wavu wa nitinoli, yaani aloi ya nikeli na titani, uliobanwa ndani ya mrija mwembamba. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, mrija hupitishwa mdomoni bila kukata popote, na wavu ukiachiliwa hutanuka wenyewe huku daktari akiufuata kwa eksirei au kamera.

Mafanikio huamuliwa zaidi na vipimo kuliko wepesi wa mkono. Hewa husukumwa mapafuni kwa shinikizo la sentimita 20 za maji ili trakea ifunguke yote, ndipo picha hupigwa. Mrija wenye alama za urefu huwa umepitishwa kwenye umio, kwa sababu eksirei hukuza vitu na bila alama hizo milimita zote hupotoka. Stenti huchaguliwa ikiwa pana kuliko trakea kwa takriban asilimia 10 hadi 20: nyembamba huhama, pana mno huumiza ukuta. Tena wavu hufupika kadiri unavyotanuka, hivyo urefu na upana hukokotolewa pamoja. Ncha zake huachwa karibu sentimita 1 kutoka kwenye zoloto na sentimita 1 kabla ya njia ya hewa kugawanyika kuwa bronki mbili.

Pumzi hurudi mara moja, lakini kikohozi hubaki na dawa huendelea, pengine maisha yote. Nyama mpya huweza kuota ndani ya wavu, makamasi hukwama, na kukohoa kusikodhibitiwa huvunja nyuzi. Hapo stenti ya pili huweza kuwekwa ndani ya ile ya kwanza. Bronki zilizolegea hazisaidiwi na stenti ya trakea, kwa hiyo ni lazima zichunguzwe mapema.