Kuozwa na Kupenda: Kuisoma Upya Vuta n'kuvute

Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, imesomwa sana, na pengine imesomwa kwa haraka mno. Kwa kuwa imekuwa kitabu cha mtihani katika shule za sekondari za Tanzania, uhakiki wake mwingi umekuwa wa kuorodhesha dhamira: ukoloni, ukombozi, nafasi ya mwanamke, umoja, kisha, mwishoni kabisa, mapenzi. Katika makala haya nakusudia kuanzia pale orodha hiyo inapoishia. Hoja yangu ni kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge ndiyo siasa iliyo nzito zaidi katika riwaya hii, na kwamba uzito huo hauonekani mpaka tukumbuke mambo yaliyotokea Zanzibar baada ya wakati unaosimuliwa.

Kisa kinajulikana, nami nitakigusa tu. Tuko Unguja katika miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa Mtendeni ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Biashara inapodorora wanahamia Mombasa. Huko Yasmin anamkimbia mumewe na kurejea Unguja. Mamaye na mjomba wake Gulam wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake Mwafrika akaaye Ng'ambo, na ni katika maisha hayo mapya anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa Inspekta Wright wanamwandama kwa ajili ya siasa zake.

Neno Ng'ambo lafaa tulitazame kidogo. Ni jina la mitaa iliyokuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya Waafrika wengi, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Kwa miguu, mwendo kutoka upande mmoja hadi wa pili si wa kumtoa mtu jasho. Lakini kwa utaratibu wa kikoloni uliowahesabu watu kwa makabila na kulipa kila kundi mahali pake, safari hiyo ya Yasmin ni ndefu kuliko ile aliyoifanya baharini kutoka Mombasa. Mwandishi amefaulu hapa kwa sababu hahubiri. Anauonyesha uvukaji huo kwa mambo madogo ya kila siku: chakula, ngoma, taarabu, maongezi ya wanawake wawili wasio na fedha. Yasmin anavuka kwanza kwa urafiki. Mapenzi yanamkuta akiwa amekwisha kufika.

Sasa turudi kwenye ndoa ya Raza. Wahakiki huitaja kuwa mfano wa mila zilizopitwa na wakati, wakaenda zao. Mimi naiona kuwa ndiyo ufunguo. Dhuluma ya kwanza katika riwaya inatendwa na Wahindi kwa binti wa Kihindi, nayo inaitwa ndoa. Msomaji aijuaye historia ya visiwa hivi hapana budi aukumbuke mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, ambapo wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali ya Zanzibar, na tendo hilo likatetewa kuwa ni njia ya kuondoa ubaguzi wa rangi. Riwaya inakoma kabla ya Mapinduzi, na habari hiyo haimo. Hata hivyo, kitabu cha Mzanzibari kilichotoka mwaka 1999, kikisimulia juu ya binti mwenye asili ya Asia anayempenda Mwafrika kwa hiari yake mwenyewe, hakiwezi kusomwa kana kwamba mwaka huo haukupita. Wala hatuwezi kusema kuwa Shafi ni mtu wa kuyakwepa yaliyofuata Mapinduzi: Haini (2003) inahusu mateso ya wafungwa baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972.

Kwa mtazamo huu, jamaa waliomwoza Yasmin na wakubwa wa mwaka 1970 wamesimama upande mmoja, ingawa wa kwanza walitaka damu zisichanganyike na wa pili walidai kutaka zichanganyike. Wote hawakumuuliza msichana. Riwaya inamuuliza, naye anajibu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaomfanya Yasmin kuwa fumbo la Zanzibar. Nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya uzamili, tuliwahi kupitisha semina nzima tukigawa vyeo: Raza ni mali, Wright ni dola, Denge ni ukombozi, Yasmin ni nchi. Ulikuwa mchezo mzuri, nami niliucheza kwa bidii. Kasoro yake ni kwamba nchi hugombewa tu, haichagui. Tukimfanya Yasmin kuwa kisiwa tunampokonya kile kile ambacho mwandishi amempa.

Tumlinganishe na Maimuna wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna naye anatoroka nyumba iliyomfungia, lakini anayalipia hayo kwa danguro la Mama Jeni na ulevi kabla ya kupata utulivu kwa Kabi. Yasmin anateseka, hapana shaka, ila riwaya haimwadhibu kwa kuondoka. Katika fasihi yetu ya Kiswahili hilo si jambo dogo.

Nina lalamiko moja. Denge havuki. Yasmin anaacha nyumba, jamaa na heshima aliyolelewa nayo; Denge anaingia katika mapenzi hayo na kutoka akiwa yule yule, mwenye mawazo yale yale, na mwishowe anaikimbia nchi. Anayemwoa Yasmin ni Bukheti, jirani wa siku za Mombasa, mtu mpole ambaye wahakiki hawana la kumfanyia kwa kuwa hawakilishi itikadi yoyote. Mtoto wa Yasmin na Denge anaitwa Mwanawetu, na kivumishi hicho cha kumiliki kinanisumbua kila ninapokifundisha, kwani babaye hayupo na ukoo wa mamaye ulikwisha kumkataa mamaye. Katika watu wanaostahili kuhesabiwa ndani ya "wetu" hiyo, wa kwanza kwangu ni Mwajuma, aliyefungua mlango wakati jamaa walipoufunga. Sijaona bado tasnifu hata moja juu yake iliyopita mezani pangu.